Sura ya Saba: Ufunguo Uliofutwa Ijumaa

Boila namba mbili ilikuwa iwashwe saa kumi alasiri, na saa tatu asubuhi mpelelezi alikuwa bado hana jibu.

Pale kiwandani walimpa jina la Bi Taratibu tangu siku ya kwanza, kwa sababu aliuliza swali moja mara tatu na kuyaandika majibu yote matatu. Hakukasirika. Sasa alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ofisini kwa meneja, daftari mapajani, akiitazama kompyuta isiyo yake. Nje kulikuwa kimya. Kiwanda cha sabuni kisicho na mvuke hunyamaza kama nyumba iliyohamwa, na mvuke haukuwepo tangu Jumatano iliyopita, boila namba moja ilipopasuka ikamuua fundi mkuu, Mungu amrehemu. Leo ilikuwa Jumanne.

"Tuzirudie zile barua," alisema Bi Taratibu.

"Mama, tumezirudia jana."

"Tuzirudie na leo."

Meneja alivuta pumzi. Alikuwa mtu wa shati lililonyooka, na aliongea kama anayesoma tangazo ukutani. Akafungua barua pepe ya kwanza. Tarehe yake ilikuwa Jumatatu, siku mbili kabla ya ajali. *Vali za usalama za boila zote mbili zimekwama kwa kutu. Isiwashwe hata moja mpaka nizibadilishe. Vipuri nimeshaagiza.* Chini lilikuwa jina la fundi mkuu. Juu ulikuwa utepe wa njano: *Saini haijathibitishwa. Ufunguo wa umma wa mtumaji haupo.*

Akafungua ya pili. Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. *Vali nimezikagua, ziko sawa. Washeni.* Jina lile lile. Utepe wa kijani: *Saini ni halali.*

"Kompyuta haina shemeji wala mjomba," Meneja alisema. "Ya njano ni ya kughushi, ya kijani ni ya kweli. Mtu aliiandika hiyo ya kwanza baada ya msiba, akarudisha tarehe nyuma. Nyumbani kwa marehemu kuna kompyuta. Sitaki kusema zaidi. Mjane ni mtu wa kuhurumiwa."

"Hiyo ya njano uliiona lini kwa mara ya kwanza?"

"Ijumaa jioni. Nayo ilikuwa njano hivi hivi."

"Kabla ya Ijumaa hukuiona?"

"Ningeionaje, nayo haikuwepo?"

Bi Taratibu aliandika. Kampuni iliyokuwa ikipitisha barua pepe za kiwanda ilikuwa mbali. Walishaiandikia kuomba kumbukumbu za siku na saa, ikajibu kwamba majibu ni baada ya siku kumi na nne. Vali yenyewe ya namba mbili, ile ya kutoa mvuke ukizidi, ilikuwa imefungwa kwa lakiri, na mkaguzi mwenye ruhusa ya kuivunja alikuwa safarini mpaka wiki ijayo. Mkubwa wake kituoni alimwambia waziwazi kwenye simu: niletee kitu cha kushika mkononi, nitakupa amri ya kuvunja lakiri. Bila hicho hatuwezi kumzuia mtu kuwasha mtambo wake.

"Saa kumi," alisema Meneja. "Mtu wa zamu yupo. Watu wote wanasubiri kurudi kazini."

"Na marehemu je?"

"Taarifa itasema alikagua vibaya. Si mimi, ni kijani kinachosema."

*

Fundi wa kompyuta walimwita Chaji. Alikuwa mtu mzima mwenye upara, na nyaya za kuchajia alizitundika shingoni kama daktari anavyotundika kile chombo chake cha kusikilizia moyo. Bi Taratibu alimkuta amechutama chini ya meza.

"Chaji, njano maana yake ni uongo?"

"Nani kasema hivyo?"

"Meneja."

Chaji alitoka chini ya meza akipangusa magoti. "Huyo naye! Uongo ni nyekundu. Nyekundu ina maana barua imeguswa, au saini si ya huyo anayejiita. Njano ni kitu kingine. Kompyuta inakwambia: nimepewa saini, lakini sina cha kulinganishia. Ni kama mimi nikuletee barua yenye muhuri wa mjomba wangu, nawe muhuri wa mjomba wangu hujawahi kuuona. Utasema ni wa uongo?"

"Nitasema simjui mjomba wako."

"Basi ndiyo njano hiyo. Kila mtu hapa ana funguo mbili. Wa siri ni wa kutilia saini, anakaa nao mwenyewe. Wa umma tunagawiana wote, ni wa kukagulia tu saini yake. Ukikosa wa umma, unaona njano."

"Huo wa umma uko wapi?"

"Ndiyo swali. Kuna mtu ameshabonyeza pale kwenye utepe?"

Hakuna aliyebonyeza. Kwa siku nne watu walikuwa wakiuelekezea kidole tu. Chaji alienda naye mpaka ofisini kwa meneja, ambaye alikuwa nje akiongea na madereva, na Chaji akabonyeza utepe wa njano. Pakafunguka dirisha dogo: saini hii inahitaji ufunguo wenye alama inayoishia 7C 41. Akabonyeza ule wa kijani. Huo ulikuwa umekaguliwa kwa ufunguo wenye alama inayoishia 03 D8.

"Mtu mmoja, funguo mbili?" aliuliza Bi Taratibu.

"Inawezekana. Watu hubadilisha."

"Upi ni wake?"

"Hapo umenizidi, mama. Nenda masijala."

*

Masijala palikuwa chumba kirefu chenye makabati ya chuma, na mwenye chumba alikuwa Mama Masijala, mwanamke mnene wa taratibu aliyevaa kofia ya kufuma na miwani yenye kamba. Alikuwa amekaa pale miaka ishirini na sita. Alimpa Bi Taratibu kiti kabla ya salamu kuisha.

"Funguo za watu zimo humu," alisema, akiweka juu ya meza daftari kubwa la jalada gumu. "Kompyuta inaweza kudanganywa. Mimi nilisema, kama ni lazima tuwe na hivi vitu, basi na viandikwe kwa kalamu. Kila mtu akipewa ufunguo anakuja mwenyewe, anasimama hapo ulipo, anasoma alama ya ufunguo wake herufi moja moja. Shahidi anafuatisha. Wote wawili wanatia sahihi. Hakuna kutumiana."

Alilamba kidole, akapekua. "Fundi mkuu. Miaka miwili iliyopita. Shahidi mwashaji wa boila. Alama inaishia... saba, C, nne, moja."

"Na sifuri tatu, D nane?"

"Haimo."

"Tazama tena, mama."

Alitazama tena ukurasa mzima, kisha ukurasa wa nyuma na wa mbele. "Haimo. Mtu huyu alikuwa na ufunguo mmoja tu."

Bi Taratibu aliandika, akapiga mstari chini. "Sasa huu wa saba C kwa nini haupo kwenye kompyuta za watu?"

"Nimeufuta."

Alilisema kama mtu anayesema amefunga dirisha.

"Lini?"

"Ijumaa. Siku moja baada ya mazishi."

"Nani alikutuma?"

"Situmwi. Mtu akitangulia mbele za haki, kadi yake ya getini inafungwa, jina lake linatolewa kwenye karatasi ya mahudhurio, na ufunguo wake unafutwa. Ndivyo tunavyofanya kwa wote. Tusije tukamsumbua marehemu, barua zikawa zinatoka kwa jina lake naye yuko kaburini."

"Ule wa siri ulikuwa wapi?"

"Alikuwa nao shingoni, kwenye kijiti kile cha kuchomeka kwenye kompyuta. Wote wana vijiti. Mimi nafuta huu wa umma, ulioko kwangu."

Bi Taratibu aliiweka kalamu chini. "Mama, huu wako hauandiki barua. Unazikagua zile alizokwisha kuandika akiwa hai. Ukiufuta, barua zake zote zinabaki bila wa kuzishuhudia."

Mama Masijala alivua miwani. Ikaning'inia kifuani kwa kamba yake.

"Nimefuta watu kumi na moja," alisema.

Bi Taratibu aliishika kalamu yake tena. Mama Masijala alivaa miwani tena, kwa sababu kazi ilikuwa bado ipo.

"Orodha yako inafika lini kwenye kompyuta za watu?"

"Kila Ijumaa saa kumi. Inaingia yenyewe."

"Kwa hiyo mpaka Ijumaa saa kumi kasoro, barua ya Jumatatu ingeonyesha kijani."

"Ingeonyesha kijani," alisema Mama Masijala. "Na aliyeiona njano tu, basi aliifungua baada ya hapo. Au anasema hivyo."

"Una nakala ya ufunguo?"

"Nikifuta, huwa nimefuta. Ninayo alama yake tu, hii ya kalamu."

*

Saa sita na nusu. Kwenye benchi la mapokezi alikuwa amekaa mjane wa fundi mkuu, na miguuni pake sanduku la karatasi. Aliitwa aje kuchukua vitu vya marehemu: koti la kazi, chupa ya chai, viatu vya akiba, kitabu cha sala chenye jalada lililobanduka. Alikuwa amekaa tangu saa mbili. Hakuna aliyemwambia aende wala abaki.

"Dada, umekula?" Bi Taratibu alimuuliza.

"Sijui."

"Nyumbani mna kompyuta yake?"

"Ipo. Walisema mtaitaka." Mjane alitoa mkobani kijihifadhio kidogo cha faili za kompyuta, amekifunga ndani ya leso. "Mdogo wake alivitia vyote humu. Sijui ni vitu gani."

Bi Taratibu alimwita Chaji, naye akakichomeka. Walisimama wote watatu nyuma ya meza ya mapokezi. Palikuwa na picha, mahesabu ya shule ya watoto, michoro ya mabomba, na katikati yake faili moja lenye jina la fundi na neno *ufunguo*. Chaji akasema, "Haya, haya, haya," akalifungua.

Alama yake iliishia 10 6B.

"Wa zamani," alisema Chaji. "Uliisha muda miaka mitatu iliyopita, kabla hajapewa kijiti, kabla hata daftari la Mama Masijala halijaanza. Pole, shemeji. Mlango ni ule ule ila kitasa walishabadilisha."

Mjane aliutazama uso wa kompyuta kama mtu anavyotazama ukuta. "Basi," alisema. Akarudi benchini.

Bi Taratibu alimfuata. Alikaa karibu naye, hakuuliza upesi.

"Mumeo alikuwa akimwandikia nani nje ya kiwanda?"

"Hakuwa mtu wa kuandikaandika."

"Nani alikuwa akimwandikia?"

"Hakuna." Alilisogeza sanduku kwa mguu. "Yule muuza vipuri tu. Alikuwa akimlalamikia. Anasema yule bwana hapokei oda mpaka itiwe saini ya kompyuta, anamsumbua kama anaoa bintiye."

Bi Taratibu alikuwa ameshasimama.

Muuza vipuri alipokea simu mara ya nne, saa nane na robo.

"Polisi? Dada yangu, mimi vitu vyangu vyote vina risiti."

"Sitaki risiti. Nataka ufunguo wa umma wa fundi mkuu wa kiwanda cha sabuni. Unao?"

"Ninao. Mimi bila ufunguo sipeleki hata msumari, nimeshaibiwa. Yeye mwenyewe hajambo? Vali zake mbili zimefika tangu jana, simu yake haipatikani."

Bi Taratibu alimwambia kuhusu msiba.

Upande wa pili ikasikika sauti ya droo ikivutwa. "Nautuma sasa hivi," yule bwana alisema. "Nipe anuani ya barua pepe."

Ulifika saa nane na dakika arobaini. Chaji alikuna upara. "Lakini mama, kitu chenyewe kimetoka kwa muuza duka. Meneja atauliza nani anakiamini."

"Hata angeleta mwizi," alisema Bi Taratibu. "Hatumwamini aliyeleta. Tunasoma alama; hakuna funguo mbili zenye alama moja. Mwite Mama Masijala aje na daftari."

Walisoma pale pale mapokezini. Mama Masijala alisoma kwenye wino, Chaji akafuatisha kwenye kioo, Bi Taratibu akaweka alama ya vema kwa kila fungu. Mafungu kumi ya herufi nne nne. Kwenye fungu la sita Chaji alijikwaa, wakarudi mwanzo. Mjane alisikiliza bila kugeuza kichwa.

"Saba, C, nne, moja," alimaliza Mama Masijala.

"Saba, C, nne, moja," alisema Chaji.

Wakapanda juu.

*

Meneja aliwapisha kwenye kiti chake. Chaji aliuingiza ufunguo, akaifungua barua ya Jumatatu. Utepe ulibaki njano kwa muda wa mtu kumeza mate. Kisha ukawa kijani.

"Hii haithibitishi chochote," Meneja alisema. "Mjane anaweza kuwa na ufunguo wa siri. Akatia saini juzi."

Bi Taratibu alitoa kwenye mkoba wake bahasha ya vielelezo, ile ya plastiki inayoonyesha ndani. Ndani yake mlikuwa na kamba iliyoungua na donge jeusi la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba.

"Chaji, hiki ni nini?"

Chaji alikitazama kwa muda. "Ni kijiti chake."

"Ufunguo wa siri unaweza kunakiliwa ukatolewa humo?"

"Hautoki. Ndiyo maana tulivinunua. Ukitaka saini lazima uwe na kijiti chenyewe."

"Kijiti hiki kilitolewa kifuani kwa marehemu," Bi Taratibu alimwambia Meneja. "Kiliyeyuka Jumatano saa mbili na robo asubuhi. Tangu hapo hakuna mtu duniani anayeweza kutia saini hii. Kwa hiyo barua ilitiwa saini yeye akiwa hai."

Meneja aliangalia bahasha, akaondoa macho.

"Sasa ile ya pili. Chaji, soma huo ufunguo wa sifuri tatu ulitengenezwa lini."

Chaji alibonyeza, akasogeza uso karibu na kioo. "Alhamisi. Saa tano na dakika kumi asubuhi."

"Na barua iliyotiwa saini kwa ufunguo huo ni ya lini?"

"Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi."

"Aliyeandika alikumbuka kurudisha nyuma tarehe ya barua," alisema Bi Taratibu. "Ya ufunguo akaisahau. Alhamisi saa tano sote tulikuwa makaburini. Mama Masijala alikuwepo, Chaji alikuwepo. Nani alibaki hapa?"

"Nilikuwa napokea wageni," Meneja alisema.

"Na hicho kijani, Chaji, kinatoka wapi, kama ufunguo haumo daftarini?"

"Kinatoka kwa mwenye kompyuta. Kuna mahali unabonyeza kwamba huyu ninamwamini. Ukishabonyeza, mashine haikubishii."

"Neno la siri la kompyuta hii analo nani?"

Meneja mwenyewe alijibu, kwa sauti ile ile ya tangazo. "Mimi."

"Barua ya Jumatatu uliisoma lini?"

"Jumatatu."

"Niambie tena."

"Jumatatu, saa tisa. Tulikuwa na oda kubwa. Nikadhani anatia chumvi, mafundi hutia chumvi." Alinyoosha mkunjo wa shati ambao haukuwepo. "Kisha Jumatano nikamwambia mwashaji awashe."

Bi Taratibu aliandika, akampa asome, akampigia mkubwa wake. Amri ya kuvunja lakiri ilitoka saa tisa na nusu, na gari la kumchukua Meneja likaondoka kituoni.

*

Mwashaji alikuwa tayari mbele ya boila namba mbili, maji yamejaa, kiberiti mfukoni. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi mwenye bandeji mkono wa kushoto.

"Niwashe, mama?"

"Huwashi. Vunja lakiri, vuta kile kishikio cha vali."

Alivunja, akavuta. Akaweka mguu ukutani akavuta kwa mikono miwili, wenye bandeji na usio nayo. Kishikio hakikusogea. Vumbi jekundu la kutu lilidondoka kwenye viatu vyake. Alikaa chini pale pale sakafuni.

"Ile ya kwanza nilikuwa nimesimama mbele yake hivi hivi," alisema.

"Ulituambia fundi aliingia mbio."

"Alitokea getini akikimbia, kadi hata hakuipitisha. Nikadhani amekuja kukagua. Akanishika koti akanitupa nje ya mlango, akaenda kwenye moto kuuzima. Hakusema kitu. Mimi mpaka leo najiuliza, mbona alinisukuma?"

Bi Taratibu aliliandika na hilo, neno kwa neno. Akamsomea, akakubali.

*

Mjane alikuwa bado benchini. Mama Masijala alimletea chai. Ilikuwa imeshapoa, na utando umekaa juu.

"Imekuwa kijani?" aliuliza mjane.

"Imekuwa kijani."

"Kwa hiyo ni yake."

"Ni yake. Aliiandika Jumatatu saa nane mchana. Jina lake limesafika, dada. Na hiyo nyingine haitawashwa."

Mjane alitikisa kichwa, polepole, kama anayehesabu. "Mwashaji amepita hapa. Ameniambia mume wangu alivyomsukuma."

"Ndiyo."

"Siku hizi zote sita, watu wakija kunipa pole nilikuwa nikiwaambia, hakujua. Alikuwa kazini kwake, kitu kikapasuka, hakupata hata nafasi ya kuogopa. Hilo ndilo nililokuwa nikilalia."

Getini gari la polisi lilikuwa linaingia, taa zake zimezimwa.

"Alijua kitapasuka," alisema mjane.

"Alijua."

"Akaingia."

"Aliingia."

Mjane alilitazama daftari lililokuwa mapajani mwa mpelelezi. Uso wake haukubadilika.

"Basi liandike," alisema. "Usiandike kwamba alipatwa na ajali. Andika kwamba alijua, akaingia."

Bi Taratibu alifungua ukurasa mpya, akaandika.